Mchoro ni Wako Mpaka Utakaposaini

Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyoyatoa kwenye darasa la Jumamosi la vijana wa tawi letu. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke, ila pale nilipokuwa naongea kama mtu anayeongea, nimepaacha hivyo hivyo.



Katibu aliponipigia simu akaniambia nije nizungumze juu ya "fursa za vijana mtandaoni", nilicheka. Neno fursa limechoka, jamani. Kila anayetaka kutuuzia kitu anaanza na fursa. Aliyekuuzia mbegu za kitunguu alisema fursa, aliyekuingiza kwenye upatu alisema fursa, na waziri akikosa ajira za kutoa anasema vijana changamkieni fursa. Kwa hiyo leo sitazungumzia fursa. Nitazungumzia kazi. Kazi ninayoifanya mimi, inayolipa kodi ya chumba changu tangu mkopo wa chuo ulipokuja nusu ya nilichoomba: kuchora katuni zinazotembea na kuziweka mtandaoni.

Wengi mnanijua kama mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu. Mchana sheria, usiku katuni. Na nimegundua kitu ambacho sikukitegemea, kwamba kinachoamua kama mchoraji atakula ama hatakula ni sheria zaidi ya mchoro. Hicho ndicho nataka mwondoke nacho.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe

Mtu akiona katuni ya dakika moja na nusu anaona dakika moja na nusu. Sasa tuhesabu pamoja. Filamu ya kawaida inapita picha 24 kwa sekunde. Sisi wachoraji tunaiba kidogo, kila mchoro tunaushikilia kwa picha mbili, kwa hiyo inakuwa michoro 12 kwa sekunde. Sekunde 90 mara 12 ni michoro 1,080. Ukichora kila mmoja kwa mkono, hesabu mwenyewe siku.

Mimi siwezi, na hakuna mtu wa peke yake anayeweza kila wiki. Kwa hiyo ninamtengeneza mhusika kama mwanasesere mwenye viungo: kichwa peke yake, mkono peke yake, mdomo wa kusema "a", mdomo wa kusema "o". Halafu naanza kumchezesha. Hata hivyo dakika moja na nusu inanichukua siku nane mpaka kumi, ukiweka sauti, ukiweka umeme unaokatika, ukiweka na mtihani wa majaribio katikati.

Vifaa visiwatishe. Programu ninazotumia ni za bure: Krita kwa kuchora, Blender kwa kuchezesha. Na msidhani bure maana yake ya kitoto. Mwaka 2025 filamu ya katuni inayoitwa Flow, iliyotengenezwa kwa Blender hiyo hiyo na kijana wa Latvia, Gints Zilbalodis, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Latvia ni nchi yenye watu wasiofika milioni mbili. Na filamu yake ndefu ya kwanza, Away, aliitengeneza peke yake. Na hapa nyumbani tunao Ubongo, walioanza Dar es Salaam mwaka 2013, na katuni zao za kufundisha watoto hesabu na sayansi zimevuka mipaka. Kwa hiyo uwezo upo, na vifaa vinapatikana. Tatizo letu liko sehemu nyingine.

Mhusika wangu alikuwa anaitwa Bibi Tarumbeta

Nilimchora mwaka 2023, kabla sijaanza chuo. Ni bibi yangu wa Tanga, mzaa mama, na sikubadilisha kitu zaidi ya jina. Kanga mbili, miwani iliyofungwa na uzi mweusi, na sauti ambayo akiita kuku wake, jirani wa nyumba ya tatu anaitika. Bibi Tarumbeta anapanda daladala, konda anamwambia "bibi sogea, kuna nafasi nyuma", naye anageuka polepole na kuanza kuuliza nafasi hiyo iko nyuma ya nini. Yaani ni hivyo tu. Watu wakampenda. Wakawa wananitumia sauti za bibi zao wenyewe, nichore.

Nikasema sawa, sasa nitaishi.

YouTube inalipa, lakini sikiliza inavyolipa. Ili uingie kwenye mpango wao kamili wa kugawana fedha za matangazo unahitaji watu 1,000 waliojiunga na chaneli yako, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa wale wa video fupi za wima, badala ya saa hizo ni kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Video zangu ni za sekunde 90. Saa 4,000 kwa sekunde 90 maana yake video zitazamwe mpaka mwisho mara 160,000 kwa mwaka. Mwenzangu anayekaa mbele ya simu akiongea kwa saa nzima anahitaji watazamaji 4,000 tu wa kumsikiliza mpaka mwisho. Yeye ametumia saa moja, mimi nimetumia siku kumi.

Hili wachoraji wa Ulaya na Marekani walilipata kabla yetu. Mwaka 2012 YouTube ilibadilisha kipimo chake, ikaacha kuangalia sana video imebofywa mara ngapi, ikaanza kuangalia imetazamwa kwa muda gani. Kwa anayeongea ilikuwa neema. Kwa mchoraji, ambaye dakika moja ni jasho la wiki, ilikuwa pigo. Wengi waliacha, wengine wakahamia kuuza michoro, fulana, na kuchangiwa na mashabiki moja kwa moja.

Haya, tuseme umefuzu. Unapata asilimia 55 ya fedha ya matangazo ya video ndefu. Ukifikisha dola 10, Google wanakutumia barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha unapoishi. Posta! Mimi sina sanduku la posta. Barua yangu ilikuja kwa S.L.P. ya shule ya msingi anayofundisha mama, ikakaa wiki tatu kwenye meza ya mwalimu mkuu chini ya daftari la mahudhurio. Na fedha yenyewe haitoki mpaka ufikishe dola 100. Mimi nilichukua miezi kumi na nne.

Halafu kodi, na hapa mwanasheria ndani yangu anaamka. Tangu Juni 2021 Google inakata kodi ya Marekani kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani, kwa watengenezaji walio nje ya nchi hiyo. Nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani hupata nafuu. Tanzania haina mkataba huo, kwa hiyo sisi tunakatwa asilimia 30 ya sehemu hiyo. Na usipojaza fomu yao wanaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote, hata ya mtazamaji wa Mbagala. Nimekutana na vijana wanaokatwa hivyo na hawajui kwa nini, kumbe ni fomu ambayo haikujazwa.

Na kama unachora kwa ajili ya watoto, jua kwamba mwaka 2019 YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kwa sababu ya kukusanya taarifa za watoto kinyume na sheria ya Marekani. Tangu Januari 2020 lazima useme kama video yako ni ya watoto. Ukisema ndiyo, matangazo yanayomfuata mtazamaji yanazimwa, maoni yanafungwa, na kipato kinashuka. Sisemi sheria ile ni mbaya. Watoto walindwe. Nasema tu kwamba mahakama na maofisi ya Washington yanaamua bei ya mchoro wa Tandika, na mwenye mchoro hana habari.

Hapa kwetu, Sheria ya Fedha ya 2024 nayo imeleta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo anayolipwa mtengeneza maudhui ya kidijitali. Kampuni ya hapa ikikulipa laki moja, elfu tano inabaki kwa ajili ya TRA. Daini stakabadhi ya makato hayo. Ni haki yenu, na ndiyo itakayowaokoa mkiitwa kuulizwa.

Siku niliyosaini

Kwa hiyo mchoraji haishi kwa kutazamwa. Anaishi kwa wateja. Mwenye duka la mtandaoni anataka tangazo la sekunde ishirini, mwanamuziki anataka video ya wimbo, shirika linataka katuni ya kunawa mikono. Kutazamwa ni bango lako tu. Mteja ndiye mshahara.

Mwanzoni mwa mwaka jana kampuni moja ilinitafuta. Sitaitaja. Wanataka matangazo matatu ya Bibi Tarumbeta. Shilingi 450,000, nusu kwanza. Kwangu ilikuwa kodi ya miezi mitatu. Wakanitumia mkataba kwenye simu, ukurasa mmoja na nusu. Nilikuwa kituoni nagombania gari la Gongo la Mboto, kuna mtu kanikanyaga, mvua inataka kunyesha. Nikashusha mpaka chini, nikasaini kwa kidole.

Makamanda, Sheria ya Mikataba nilipata B+. Naweza kukutajia vipengele vya mkataba halali nikiwa usingizini. Na nilisaini bila kusoma.

Kifungu cha sita kilisema michoro yote, wahusika wote na majina yao ni mali ya mteja, moja kwa moja, popote duniani. Miezi miwili baadaye nikaweka sehemu mpya ya Bibi Tarumbeta kwenye chaneli yangu. Siku ya nne ikaondolewa, nikapewa onyo la hakimiliki. Ukipata maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli inafutwa. Nikawaandikia kwa upole. Wakanijibu kwa upole zaidi, wakaniambatanishia saini yangu.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu mmoja na mkataba mkononi. Akausoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Ulilazimishwa?" Nikasema hapana. "Ulidanganywa?" Nikasema hapana. Akanirudishia karatasi. Hakuongeza neno, na kwa kweli hapakuwa na la kuongeza.

Bibi yangu hana habari za kifungu cha sita. Likizo iliyopita nilipokwenda Tanga tulikuwa tumekaa barazani, anachambua mchele, akaniuliza bila kuniangalia, "Mjukuu wangu, mbona siku hizi hunichori? Nimekukosea?" Nikamwambia chuo kimebana. Nilimdanganya bibi yangu kwa sababu sikujua nitamweleza vipi kwamba sura yake nimeiuza.

Sheria inasemaje

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, ni rafiki wa mchoraji kuliko mnavyodhani. Hakimiliki inazaliwa pale unapomaliza kuchora. Huhitaji kusajili ndipo iwe yako. Ukisajili COSOTA unapata ushahidi mzuri siku ya ugomvi, lakini haki yenyewe umeshaipata. Na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Maana yake mchoro wako wa leo unaweza kuwalisha wajukuu.

Lakini sheria hailindi kila kitu. Hailindi wazo, wala hailindi mtindo. Mnamjua Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyekuwa akichora kwa rangi za mafuta pale Oysterbay mpaka alipofariki mwaka 1972. Mtindo wake ulibeba jina lake dunia nzima. Mwaka 2010 ilitoka katuni ya watoto iitwayo Tinga Tinga Tales, ikachezeshwa Nairobi na kuonyeshwa na chaneli ya watoto ya BBC. Mtindo ulianzia Dar es Salaam, ajira za kuchezesha zilikuwa Nairobi, na televisheni ilikuwa London. Kenya walikuwa na studio na watu waliofundishwa, sisi tulikuwa na jina. Hilo ni somo la sera, na nitalirudia.

Kwa mtu mmoja mmoja, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama:

Moja, kuna kuuza na kuna kukodisha. Mwenye nyumba hauzi nyumba kwa sababu mpangaji amelipa miezi sita. Mpe mteja ruhusa ya kumtumia mhusika wako kwa matangazo haya, kwa muda huu, kwa nchi hizi. Umiliki ubaki kwako. Akitaka kununua kabisa, bei iwe ya kununua, si ya kukodi.

Mbili, pokea nusu kabla ya kuanza. Asiyeweza kutoa nusu leo hataweza kutoa nzima kesho.

Tatu, andika idadi ya marekebisho. Mawili ni ya bure, la tatu linalipiwa. Bila hivyo mteja atakubadilishia rangi ya gauni mpaka Krismasi.

Nne, weka kifungu cha mambo yaliyo nje ya uwezo wako, na ndani yake taja kuzimwa kwa intaneti. Taja kwa maneno hayo hayo.

Hili la nne nalisema nikijua nazungumza wapi. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kadhaa, Novemba imeshaingia. Najua kuna familia ambazo siku zile zilikuwa na misiba, na siwezi kuweka katuni yangu kwenye mizani moja na uhai wa mtu. Lakini kwa kuwa leo mada ni kazi, niseme na la kazi. Nilikuwa na mteja wa nje, tarehe ya kukabidhi ilikuwa 31. Kazi ilikuwa tayari, iko kwenye kompyuta, sina njia ya kuituma wala ya kumwambia nipo hai. Mtandao uliporudi nilikuta barua pepe tatu. Ya kwanza ya kuuliza, ya pili ya wasiwasi, ya tatu ya kuniaga. Mteja hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba nchi yangu haiaminiki.

Na tukumbuke tulikotoka. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja ya kila mwaka. Zimerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo, ada zikapungua, na tunashukuru kila unafuu. Lakini mimi nilikuwa sekondari, na nakumbuka kaka mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa anachora katuni za siasa akaacha, akaenda kupaka rangi mabango ya saluni. Hakuna aliyemkamata. Aliogopa tu. Leseni ya milioni mbili haihitaji polisi.

Tunataka nini

Naambiwa muda unakwisha, Mwenyekiti, namalizia.

Tukiandika ilani ya vijana, kwenye ukurasa wa ajira tusiandike tu "tutawawezesha wabunifu". Tuandike kwamba intaneti haitazimwa. Tuandike kwamba serikali itafungua mazungumzo ya mkataba wa kodi na Marekani. Tuandike kwamba vyuo vya ufundi vitafundisha kuchezesha katuni kama vinavyofundisha uselemala, ili siku nyingine jina likiwa letu na kazi ziwe zetu.

Na jambo la mwisho mtanisamehe, ila nisiposema hapa nitasemea wapi? Kabla ya uchaguzi nilichorea chama hiki video nne. Sikulipwa hata bando. Nilipouliza niliambiwa "kamanda, haya ni mapambano". Nayapenda mapambano, ndiyo maana niko hapa Jumamosi na sipo kitandani. Lakini aliyekodisha spika alilipwa. Aliyeshona bendera alilipwa. Mwenye turubai alilipwa, tena kabla. Chama kinachosimama jukwaani kudai ujira halali wa wafanyakazi kianze na mchoraji wake. Kama ni kujitolea, tuambiane mapema kwamba ni kujitolea, na niamue mwenyewe.

(Hapa watu walipiga makofi, na Katibu akaandika kitu kwenye daftari. Nitamuuliza aliandika nini.)

Kwa upande wangu, mimi na wanafunzi wenzangu wawili tumeanza kusoma mikataba ya wabunifu bure. Bado si mawakili na hatujifanyi mawakili. Tunakusomea, tunakuonyesha kifungu kinachouma, na ikiwa jambo ni zito tunakuelekeza kwenye msaada wa kisheria wa chuo. Mpaka sasa tumesoma kumi na moja. Saba zilikuwa na ndugu yake kifungu cha sita. Watano kati ya hao walirudi kwa mteja wakaomba kibadilishwe, na wateja wanne wakakubali bila ugomvi. Wateja hao hawakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kuwauliza, basi.

Nimeanza mhusika mpya. Ni kijana konda wa daladala ambaye kila siku anapitwa na maneno na bibi mmoja ambaye hatumwoni, tunamsikia sauti tu. Mkataba wangu ulichukua sura, jina na michoro. Nimeusoma mara nyingi sana sasa, na hakuna mahali palipoandikwa sauti. Mwezi ujao nakwenda Tanga na maikrofoni.

Leteni mikataba yenu kabla ya kusaini, si baada.